Arudi Jumatano na Ndugu

Kule Nkuhungu, ubavuni mwa mashine ya kusaga ambayo siku hizi haisagi kitu, kuna benchi la mbao ngumu lililotoka kanisani. Kanisa liliponunua viti vya plastiki, benchi likawekwa nje, na watu wa kahawa wakaliomba. Bado lina mgongoni ile mbao nyembamba ya kuwekea vitabu vya nyimbo, na juu yake sasa hupangwa vikombe. Wakristo na Waislamu hulikalia pamoja, na kwa ajili ya asili yake wameliita Benchi la Toba, ingawa toba ndicho kitu pekee ambacho hakijawahi kusikika pale. Jumatano hiyo ya mwezi wa nane upepo uliamka kabla ya watu. Ulikokota vumbi jekundu barabarani, ukaliinua, ukaliachia, ukalirudia tena, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha na hataki kusaidiwa kukitafuta.

Denis Ndahani alifika saa tatu na nusu, akasalimia kwa Kigogo kama alivyofunzwa na mama yake.

— Mbukwenyi.

— Mbukwa, wakamjibu, wakasogea.

Walisogea zaidi kuliko ilivyohitajika. Tangu mwezi wa sita, Denis akikaa mwisho wa benchi, kati yake na wenzake hubaki nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeipanga. Ilikuwa nafasi ya Jordan, mdogo wake, na tangu Jordan azikwe hakuna aliyeikalia wala kuitaja. Hata jina la utani la Denis walilinyamazisha. Zamani walimwita Kamba, maana yeye na mdogo wake walikuwa wachimba visima, Jordan chini na sururu, Denis juu na kamba. Sasa walimwita Denis tu, kwa sauti ndogo, kama watu wanaopita mlangoni kwa mgonjwa.

Muuza kahawa alikuwa Zaidi, Mrangi wa Kondoa, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Kwa vile hajawahi kumjazia mtu kikombe mpaka juu, benchi lilimpa jina la Pungufu.

— Kaka, umekula kitu? aliuliza.

— Mimina tu.

— Nimeuliza kama umekula.

— Zaidi, mimina.

Akamimina. Denis alikinywa kikombe kikiwa bado cha moto, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitazama, akairudisha. Akaitoa tena, akairudisha. Alipoitoa mara ya tatu, Mzee Matonya alikohoa.

Mzee Matonya alikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina ya watu waingie kwenye mashauri yao. Yeye alistaafu, lakini sheria ndani yake haikustaafu. Benchi lilimwita Mahakama.

— Hiyo karatasi ina nini? Inakuuma?

— Ni cheti cha zahanati, mzee. Nilikwenda wiki iliyopita, kule Makole. Loisi alinilazimisha.

Loisi ni mjane wa Jordan. Alimwambia shemeji yake bila kupaza sauti: nimeshazika mmoja, watoto wangu watatu wamebaki na wewe, usipokwenda kutibiwa utawaacha yatima mara ya pili. Denis akaenda. Pumzi ilikuwa inamfunga kila siku. Kifua kinakaza, vidole vinapoa, moyo unakwenda mbio kama mbuzi aliyenusa fisi. Usingizi alikuwa ameusahau. Mkanda wake wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya. Na leo ndiyo siku aliyoambiwa arudi, kabla ya saa saba mchana.

— Sasa si uende? alisema Khalidi.

Khalidi ni fundi wa redio na simu, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara. Anasikiliza mambo mengi kwa wakati mmoja na hakuna hata moja analolisikia mpaka mwisho. Jina lake pale ni Redio.

— Nimesoma walichoandika, alisema Denis. Naogopa kurudi.

Mzee Matonya akanyoosha mkono. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu, akasoma kwa sauti ya mlangoni mwa mahakama:

— "Ana wasiwasi. Arudi Jumatano na ndugu."

Upepo ukapita katikati ya vikombe, ukavigonganisha kidogo.

— Nani ana wasiwasi? aliuliza Khalidi.

— Ndilo ninalojiuliza, alisema Denis.

— Imeandikwa "ana", alisema Mzee Matonya. Haikuandikwa nani. Kwa sheria, mwenye maneno ni mwenye kalamu. Kwa hiyo daktari ndiye ana wasiwasi. Ana wasiwasi na wewe.

— Mzee, usimtishe mwenzio, alisema Zaidi.

— Simtishi, nasoma. Denis, ulimweleza mambo ya kisimani?

— Aliniuliza, nikamweleza yote.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai, akaingilia Khalidi.

— Sasa hapo nani anazaa? aliuliza Zaidi.

— Namaanisha angeficha.

— Basi huo si mfano wako, ni wa mtu mwingine. Urudishe.

Mzee Matonya hakucheka. Alikuwa bado ameishika karatasi.

— Sikilizeni kipande cha pili. "Arudi na ndugu." Miaka ishirini na sita nimesikia watu wakiambiwa kesho uje na ndugu yako. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa hivyo akapewa dawa. Ndugu maana yake mdhamini. Unakwenda, unahojiwa, ukikwama ndugu anaweka sahihi. Ukitoroka, anashikwa yeye.

Kwa Denis neno lile halikuwa geni. Alikwishalifikiria mwenyewe, siku saba mfululizo, na kila alipolifikiria alimwona yule muuguzi wa zahanati, ambaye wao walimwita daktari, mwenye sauti ya upole, akiandika pole pole, kama mtu anayeandika maelezo ya shahidi. Alitamani tu mtu mwingine aseme si hivyo.

— Mimi sijasoma sheria, alisema Zaidi, lakini nimekaa madrasa. Kwetu wasiwasi si mashaka ya daktari. Wasiwasi ni yule anayenong'ona kifuani mwa mtu. Ananong'ona, kisha anarudi nyuma, anajificha. Ukigeuka humwoni.

— Ananong'ona nini? aliuliza Mzee Matonya.

— Kila mtu na lake.

Wote watatu wakamtazama Denis. Denis alitazama kikombe.

— Niongeze.

— Hicho cha nne, kaka, na tumbo tupu.

— Niongeze.

— Mimi nasema ni hewa, alisema Khalidi. Tuseme ukweli. Kisima kile kilikuwa na hewa mbaya. Ile hewa ndiyo iliyomchukua yule. Baada ya hapo ilikwenda wapi? Hewa haizikwi. Ilipanda. Na aliyekuwa ameinama juu ya mdomo wa kisima ni nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa gani tena?

— Wa mbavu.

— Redio, wewe unakamata stesheni tatu pamoja, alisema Zaidi.

— Basi ngoja nikupe mfano wa kazi yangu. Niliwahi kuletewa redio mbili, zimetoka boksi moja, zimekaa rafu moja miaka kumi. Moja ikaungua. Ile nyingine haikuwa na ubovu, nikaifungua, sikuona kitu. Lakini kila ikifika saa ileile aliyoungua mwenzake, ilikuwa inakoroma. Ndugu wa tumbo moja ni hivyo hivyo. Mtangazaji ameondoka, lakini stesheni haijazimwa.

Alisema hivyo kwa furaha ya fundi aliyepata ubovu, kisha akasikia mwenyewe alichokisema. Furaha ikamwisha usoni.

Mzee Matonya aliikunja karatasi mara mbili, akaikunjua.

— Denis. Wewe una ndugu wangapi?

— Nilikuwa naye mmoja.

— Na daktari ulimwambia hivyo?

— Nilimwambia.

— Kwa hiyo alijua una ndugu mmoja. Alijua na mahali alipo. Halafu akaandika uje naye.

Benchi zima liliacha kunywa. Ng'ambo ya barabara kimbunga kidogo cha vumbi kilijiinua chenyewe, kikavuka, kikaja kusimama mbele yao hatua kumi hivi, kikizungusha manyoya ya kuku na kipande cha mfuko mweusi. Hakikwenda mbele wala nyuma. Marehemu mama yake Denis alikuwa akiwaambia yeye na Jordan kwamba kimbunga ni msafiri asiyetaka salamu, na wakikiona wainamishe macho. Denis aliinamisha macho. Aliposikia kimya akayainua tena, palikuwa na barabara tu.

— Mungu atuhurumie, alisema Zaidi, akapangusa vikombe visivyokuwa na vumbi. Kaka, sisi tunasema tu. Hebu tueleze wewe. Siku ile ilikuwaje?

Wiki saba zilikuwa zimepita na hakuna mtu wa benchi aliyewahi kuuliza. Walikwenda msibani, walibeba jeneza, walichanga sukari, wakarudi kwenye kahawa. Denis alichelewa kujibu, si kwa hasira, bali kwa sababu maneno yalikuwa mbali na ilibidi ayafuate moja moja.

— Asubuhi tulishusha mshumaa. Ukawaka mpaka chini, ukarudi unawaka. Tukasali. Jordan akashuka. Sisi tulikuwa na lugha yetu, aliyotufundisha marehemu baba. Mvuto mmoja wa kamba, navuta ndoo. Mivuto miwili, namtoa yeye. Huwezi kumsikia mtu wa chini, sauti inapotea, kwa hiyo unamsikia kwa mkono. Ilipofika saa nne nikasikia mvuto. Nikavuta ndoo, ikaja tupu. Nikacheka. Nikasema huyu leo ananitania. Nikairudisha chini.

Akakizungusha kikombe mkononi.

— Nilicheka, akasema tena. Halafu nikaita, hakujibu. Nikaita majirani.

— Ulisikia mvuto mmoja, alisema Mzee Matonya pole pole.

— Ndilo nililomwambia daktari. Sijui. Mkono wangu ulisikia kitu. Huenda ulikuwa mmoja. Huenda ilikuwa miwili na mimi nikausikia mmoja. Nimeuliza mkono huu wiki saba na haujanijibu.

Alikiweka kiganja cha kulia juu ya goti, kikatazama juu. Kilikuwa na sugu ya kamba, mstari mnene, mweupe, kutoka kidole cha shahada hadi kifundoni.

— Na sasa? aliuliza Zaidi.

— Sasa kila siku saa nne unakuja mmoja. Hapa. Unavuta, unaachia. Mimi nasubiri wa pili. Pumzi nayo inasimama, inasubiri pamoja nami. Wa pili hauji.

Khalidi alitazama simu yake. Ilikuwa saa nne kasoro dakika sita. Akailaza kifudifudi juu ya benchi.

— Kamba ndiyo tatizo, akasema kwa haraka. Haijakatwa ile. Iko wapi? Ichomwe leo hii, mafuta ya taa nitatoa mimi.

— Ninayo.

— Wapi?

— Nyumbani. Nikilala naifunga mkononi.

— Unaifunga kwa nini? aliuliza Mzee Matonya, na sauti yake haikuwa ya mahakama tena.

— Akivuta nimelala, nisikie.

Redio alifungua mdomo. Kwa kawaida pangetoka methali, yake au ya mtu mwingine. Haikutoka. Zaidi aligeuza uso upande wa makaa, midomo yake ikicheza kwa dua ya kimya. Denis alijua wanamwonaje. Yeye ni mzee wa kanisa. Jumapili alikuwa akisoma somo la kwanza. Tangu mwezi wa sita hajasoma, maana akisimama mbele ya watu wote wakiwa kimya, kimya kile kinafanana na cha kisima. Anasali, na anajua Mungu anasikia, lakini akifika mahali pa kusema amina mkono unajifunga ngumi, kama mtu ambaye hajaruhusiwa kuachia.

— Saa ngapi? aliuliza.

Hakuna aliyetaka kugeuza simu. Hawakuhitaji. Walimwona.

Kiganja kilitikisika mara moja, kikavutwa kidogo mbele, juu ya goti, kama kuna mtu amekishika upande wa pili. Si Denis aliyekitikisa. Kifua kikafunga. Alivuta pumzi, akavuta juu yake nyingine, akavuta na ya tatu, na zote zikakaa juu shingoni kama ndoo zilizokwama. Aliona ukingo wa vitu unaanza kuwa mweusi, duara, na nuru ikabaki katikati, ndogo, ya mviringo, juu sana.

Akafikiri: hivi ndivyo Jordan alivyoiona.

— Shikamooni, wazee.

Mwanamke alikuwa amefika bila mtu kumwona. Alikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko na kitenge cha rangi ya chungwa kilichojaa vumbi. Kabla hajajibiwa, akaweka ndoo chini na kuketi kwenye ile nafasi. Zaidi alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

— Marahaba, alisema Mzee Matonya peke yake.

Mwanamke alimgeukia Denis, akamtazama shingo, akamtazama mkono. Hakushtuka. Alisema kama mtu anayemwelekeza mwenzake kufungua mlango mgumu:

— Baba, usivute. Umeshavuta ya kutosha. Toa kwanza.

Denis alimtazama.

— Toa. Toa yote, kama unapoza uji. Hivyo. Tena. Usivute, itakuja yenyewe. Wewe toa.

Kutoa. Wiki saba Denis alikuwa akivuta tu. Kila mtu aliyemwona anakwama alimwambia vuta pumzi, vuta pumzi, naye akavuta mpaka mbavu zikamuuma. Alitoa. Ilitoka na sauti mbaya, kama mlango wa mashine, na baada yake ikatoka nyingine. Ile nuru ya mviringo ikapanuka pole pole mpaka ikawa barabara, mbuzi wawili, kibanda cha Khalidi.

— Wewe ni nesi? aliuliza Khalidi.

— Hapana, kaka. Mimi ni mkulima. Naitwa Emiliana, natoka Kibakwe. Mama yangu alikuwa na hali hii baada ya baba kufariki. Tumetoka zahanati sasa hivi, ameingia kwa shangazi hapo nyuma kunywa maji. Kuna kahawa?

Zaidi akammiminia. Kwa mara ya kwanza maishani kikombe kilijaa, maana macho yake yalikuwa kwa Denis.

— Zahanati gani? aliuliza Mzee Matonya.

— Ya Makole.

Mzee akampa karatasi bila kumwomba Denis ruhusa. Emiliana aliisoma akiwa anapuliza kahawa.

— Ndiyo. Na cha mama kiliandikwa hivi hivi.

— Na walimkamata?

— Nani?

— Mama yako.

Emiliana alimtazama mzee kuona kama anatania. Mzee hakuwa anatania.

— Walimuuliza habari za kuku.

— Kuku?

— Anafuga kuku wangapi, nani anawafungia jioni. Anakula nini, na anakula na nani. Analala saa ngapi, akiamka anafikiria nini. Shamba linalimwa na nani tangu baba afe. Kama bado anaenda jumuiya. Mimi nilikasirika, jamani. Nilisema tumetoka Kibakwe milimani huko kuja kuhojiwa mambo ya kuku? Mpeni mtu dawa. Walimpa na dawa, kidogo, baadaye. Lakini yule muuguzi aliniambia wasiwasi hauna chumba kimoja. Ukiufukuza kifuani unahamia tumboni. Ukiufukuza tumboni utaukuta kwenye usingizi, au kwenye kazi, au kwenye sala. Ndiyo maana wanataka uje na mtu. Mgonjwa anajua pale panapouma. Ndugu ndiye anayeijua nyumba nzima.

— Kwa hiyo daktari hana wasiwasi, alisema Denis. Ilikuwa sauti ndogo.

— Wenye wasiwasi ni sisi, baba. Yeye ana foleni.

Zaidi akacheka kidogo. Khalidi akasema aliyekula kahawa kwenye tumbo tupu hakusikia alipoambiwa. Zaidi akasema kahawa hailiwi. Kwa dakika moja benchi likawa benchi. Ndipo Emiliana alipofunga mfuniko wa ndoo yake vizuri na kuuliza, kama mtu anavyouliza njia:

— Leo si Jumatano? Ndugu yake ni nani kati yenu? Anakwenda naye nani?

Khalidi aligeuza simu yake, akaitazama, ikawa na kitu cha kutazamwa kwa muda mrefu. Zaidi alishika birika, akalitikisa. Mzee Matonya alivua miwani na kuipangusa kwa ncha ya shati, jicho moja, kisha jicho jingine, kisha lile la kwanza tena. Miaka tisa walikunywa kahawa pamoja. Walijua anapenda tangawizi nyingi. Walijua ugonjwa wake ulikaa wapi mwilini, kila mmoja alikuwa ameutafutia kipande chake: hewa, mnong'ono, kamba, sheria. Kuambatana naye barabarani mchana kweupe, na kuulizwa wewe ni nani yake, lilikuwa jambo jingine.

Mama mmoja mwembamba alitokea kwenye uchochoro akamwita Emiliana. Emiliana akasimama, akaaga, akaenda naye.

— Imekwisha, alisema Zaidi, akaliinamisha birika wote waone. Matone mawili yakadondoka kwenye vumbi.

Denis aliichukua karatasi yake kutoka juu ya mbao ya nyimbo. Alitaka kuwaambia kwamba hawalaumu. Badala yake akasema kwaherini, akashika njia ya Makole kwa miguu.

Upepo ulimpokea barabarani. Vumbi lilikuwa zito hata nyumba za upande wa pili zikawa vivuli tu, na watu waliokuja mbele yake walikuwa miguu kwanza, kisha viwiliwili, kisha nyuso zilizofunikwa vitambaa. Alipofika kwenye kiwanja kisichokuwa na nyumba alisikia hatua nyuma yake. Zilikuwa nzito, zinaburuta kidogo. Alipunguza mwendo, nazo zikapunguza. Aliposimama zikasimama. Akasikia pumzi: ya mtu anayehema kutoka mahali pa chini.

Mwaka mzima wa utoto wao Jordan alimfuata hivyo shuleni, hatua kumi nyuma, kwa sababu viatu vilikuwa vikubwa.

— Ni wewe? aliuliza bila kugeuka.

Upepo ukavuma. Halafu, kwa shida, katikati ya kikohozi:

— Ni mimi. Twende.

Hakuitambua sauti. Ilikuwa imejaa vumbi, na yeye hakuwa na ujasiri wa kuikagua. Akasema moyoni, Bwana, kama ni yeye, anisamehe. Na kama si yeye, asante. Akatoa pumzi. Akaenda. Hatua zikaja nyuma yake kupita reli, kupita maduka, hazikukaribia, hazikubaki nyuma. Mara mbili alitaka kugeuka, na mara mbili akatoa pumzi badala yake. Saa sita kasorobo alikuwa mbele ya dirisha la mapokezi, karatasi mkononi, na zile hatua zikasimama nyuma ya bega lake.

Muuguzi yule mwenye sauti ya upole aliipokea karatasi, akainua macho, akatazama juu ya bega la Denis.

— Karibuni, akasema.

Denis alisikia ile "ni" ya mwisho. Ndipo alipogeuka.

Mtu aliyesimama pale alikuwa mwekundu kuanzia nyusi hadi viatu, vumbi limempaka kama aliyetolewa kisimani sasa hivi. Alikuwa anahema kwa mdomo wazi. Polepole, chini ya vumbi lile, Denis aliona uzi wa miwani.

— Na huyu mzee ni nani yako? aliuliza muuguzi.

Mzee Matonya hakumwachia Denis ajibu. Alijinyoosha, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaweka kitambulisho chake cha taifa kwenye dirisha na kukisukuma mbele kwa kidole kimoja. Ilionekana wazi kwamba maneno ya Emiliana hayakumwingia yote.

— Mdhamini, alisema. Nimekuja kumdhamini. Akishindwa kujibu mtakayomuuliza, mnishike mimi.

Muuguzi alimtazama mzee kwa muda, kisha akakirudisha kitambulisho bila kucheka. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Alifungua daftari lake, akauliza jina, na kwenye mstari uliofuata jina la Matonya akaandika: ndugu.